Vyombo Vilivyobaki kwa Mama Eva

Ukipita mtaa wa nyuma ya reli pale Same ukamtaja Mama Eva, watu watacheka kwanza ndipo wakuonyeshe nyumba. Ukiuliza wanacheka nini, kila mmoja atakupa habari ya kwake. Mimi nakupa ninayoijua, na asiyeridhika nayo akatafute nyingine sokoni.

Jina lake hasa ni Ikupa, Mnyakyusa wa Tukuyu. Aliletwa upande huu akiwa bado msichana na mumewe Lugano, aliyekuwa mtu wa mashine ya korona, ile inayokamua majani kuwa katani, kwenye shamba moja la mkonge huko tambarare, njia ya kwenda Bendera. Miaka yote hiyo waliishi kambini. Kambini Mha, Mbena, Mmakonde na Mnyakyusa wanalala ukuta kwa ukuta, na ukiishiwa chumvi unapitisha kikombe dirishani, kinarudi kimejaa, hakuna aliyeuliza kitu. Ikupa akazoea hivyo, akadhani watu wote wa dunia hii ndivyo wanavyokaa.

Kisha mkonge ukakosa bei, shamba likapunguza watu, na Lugano akapunguzwa. Wakafunga virago wakaja Same mjini, wakapanga nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la uani, wao na binti yao Eva aliyekuwa darasa la sita. Ilikuwa ile miaka ruksa ya biashara imeanza kuingia. Nyuma kidogo tu ulikuwa unapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, ukarudi na kipande cha mche na shukrani juu. Sasa sabuni zimejipanga dukani za kila rangi, zinakutazama nawe unazitazama. Zamani hela ilikuwepo, kitu hakipo. Sasa kitu kipo, hela haipo. Usiniulize kipi nafuu, maana hata mimi sijajua.

Lugano akawa anapakia mizigo stendi siku ikipatikana, Ikupa akawa anakaanga maandazi. Walikula. Lakini kitu kilichomsumbua Ikupa hakikuwa chakula, walikuwa majirani. Wanawake wa mtaa ule walimsalimia vizuri, walimpisha kwenye foleni ya bomba akiwa na haraka, wakamuuliza habari za mtoto. Ila ndani kwake hakukanyaga hata mmoja. Justa, fundi cherehani wa nyumba ya pili, siku moja alimsaidia ndoo ya maji mpaka mlangoni. Ikupa akamkaribisha ndani. Justa akaitua ndoo kizingitini, akasema ataingia siku yake ikifika, akaenda zake anatabasamu. Siku gani hiyo? Ikupa alibaki ameshika mlango, hajui ametukanwa au ameheshimiwa.

Halafu Eva akaugua malaria. Mama Eliufoo, mama mtu mzima aliyeolewa pale akitokea Mhezi milimani, jina lake la ubatizo Dorkas, akaja na uji wa ulezi kwenye bakuli lililofunikwa. Akasimama nje. Akaupitisha dirishani, akamwombea mtoto hapo hapo chini ya upepo na vumbi, akaondoka. Asubuhi yake akaja na mwingine, dirishani tena. Ikupa akanywesha mtoto ule uji huku machozi yanamlengalenga. Mtu gani anakupenda kiasi cha kukupikia uji, na wakati huohuo anakuona wa kinyaa kiasi cha kutoingia kwako? Aliligeuza jambo hili kila upande, halikuonyesha uso.

Lugano yeye hakuligeuza. Yeye alishaamua. Jioni moja alivua viatu, akasema waziwazi kwamba hapa hawana mtu. Kazi hakuna, ndugu hakuna, jirani hakuna. Kaka yake yuko Tukuyu, migomba ya baba yao iko palepale, nyumba ya kaka ina chumba kimoja kisicho na mtu. Ikifika mwisho wa mwezi, alisema, watapanda basi.

Sasa elewa vizuri hofu ya Ikupa, kwa sababu habari yote imekaa hapo. Tukuyu kwao alikupenda. Lakini angekwenda kuishi chini ya paa la shemeji, na jiko lingekuwa la mke wa shemeji. Angepewa vitunguu amenye kama binti wa kazi. Angeomba ruhusa kuinjika sufuria. Mwanamke wa umri ule, aliyepika miaka yote hiyo kwenye moto wake mwenyewe, hata kama moto wenyewe ulikuwa wa kuni za mkonge unaotoa moshi kuliko joto! Jiko lake ndilo kitu pekee alichokuwa nacho duniani ambacho hakukiomba kwa mtu. Kulipoteza kulimuuma kifuani, na alimwambia mumewe hivyo. Lugano akamwambia hata yeye inamuuma.

Maandazi yake Ikupa aliyauzia kwenye baraza la Bi Sharifa, mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Watu wa Bi Sharifa wamekaa barabara ile na biashara yao tangu enzi za mababu, na yeye alikuwa na ndugu Mombasa waliomletea bidhaa kupitia Taveta. Duka lilikuwa limejaa mpaka darini. Tatizo ni kwamba wanawake wa Same waliingia, wakapapasa chupa ya chai, wakauliza bei, wakasema "haya, tutarudi," wakatoka. Bi Sharifa akamwambia Ikupa kwamba mtu akiingia dukani anaingia amekunja ngumi. Lakini huko Mombasa, alisema, wanawake siku hizi wanauziana nyumbani. Mwenye nyumba anaita wenzake chai, vyombo vinapangwa mezani, watu wanakaa, wanacheka, ngumi inakunjuka yenyewe. Akamtaka Ikupa awe mwenyeji wa kwanza. Vikiisha, Ikupa atakuwa muuzaji wake mitaani, kazi ya kudumu.

Ikupa alifika nyumbani na habari hiyo moyo ukimdunda. Lugano akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, si kwa ubaya. Akasema neno ambalo mkewe alilishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

"Mama Eva, watu wa hapa wakiingia ndani ya nyumba hii na wakanunua, mimi nitanyamaza, tutakaa. Wasipoingia, usinililie tena. Tunakwenda."

Basi Ikupa akafunga kanga akaanza kupita mlango kwa mlango. Kwanza alisema Jumamosi, Mama Eliufoo akamwuliza kama amesahau kwamba nusu ya mtaa ni Wasabato, akahamisha ikawa Jumapili alasiri, Walutheri wakishatoka kanisani. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Alikuwa amejiandaa kubembeleza. Alikuwa na maneno yake ameyapanga, namna chupa inavyotunza moto, namna hotipoti inavyookoa kuni. Hakuna aliyempa nafasi ya kuyasema. Aliposema tu "nawaita nyumbani kwangu Jumapili," nyuso zilifunguka. Justa aliacha cherehani ikizunguka peke yake. Mwanamke mmoja ambaye Ikupa hakumjua hata jina alimshika mikono miwili akasema ahsante Mungu.

Mama Eliufoo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo zito, "Tubebe nini?"

Ikupa akaona haya. Akajibu wasibebe kitu, waje mikono mitupu, kila kitu kitakuwepo, ila mtu aje na hela kidogo kama anayo, kwa sababu vyombo vya Bi Sharifa vitakuwa pale na bei zake. Mama Eliufoo akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa mpango mzuri, akasema, "Akili hiyo. Hakuna kurudia chombo kimoja mara mbili." Ikupa hakujua amesifiwa nini, lakini sifa haikataliwi, akashukuru.

Jumapili ilifika na upepo wake, ule upepo wa Same unaokupa mchanga wa kutafuna hata kama hukuomba. Bi Sharifa alileta maboksi kwa mkokoteni. Wakapanga meza na mkeka: masufuria yaliyopandana kama familia, chupa za chai zenye maua, hotipoti, birika, vikombe, sinia, vikaango, bakuli za bati, machujio, na pembeni sufuria moja kubwa la kupikia makande, ambalo Bi Sharifa alilileta kwa ajili ya kupendezesha tu. Alikuwa nalo dukani muda mrefu na alishalikatia tamaa.

Agizo la Bi Sharifa lilikuwa moja: biashara kwanza, chai baadaye. Mtu akishashiba anasinzia. Lakini wageni walipoanza kuingia, na waliingia kweli, mmoja baada ya mwingine, wakivua viatu kizingitini kama wanaingia kanisani, Ikupa alishindwa. Alilelewa kwao kwamba mgeni hakai bila kutiwa kitu mdomoni. Akatoa chai ya tangawizi, akatoa maandazi, akatoa na ndizi za nyama alizokuwa amezificha kwa ajili ya mwisho. Bi Sharifa alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba anaua biashara. Ikupa akasema ndiyo, ndiyo, akaenda kuongeza chai.

Ajabu ni jinsi walivyokula. Walikula kila kitu, hakuna aliyebakiza, hakuna aliyesema nimeshiba, na kila aliyemaliza alikwenda mpaka jikoni uani, akachungulia mafiga, akarudi akakaa. Ikupa aliwaona wakienda na kurudi. Wanatafuta nini? Alifikiri labda jiko lake ni chafu. Akaenda mwenyewe kulitazama, akalikuta safi, akarudi amechanganyikiwa zaidi.

Bi Sharifa akaanza kazi yake. Alimimina maji ya moto kwenye chupa, akaigeuza juu chini, akagonga mifuniko, akasimulia. Alikuwa hodari, lazima niseme. Lakini wanawake hawakumwangalia yeye. Walimwangalia Ikupa. Justa alinyanyua chupa mbili, ya bluu na ya nyekundu, akamwuliza Ikupa anapenda ipi. Ikupa akadhani anaombwa ushauri, akafikiri kwa dhati, akasema ya bluu haionyeshi uchafu. Justa akanunua ya bluu papo hapo. Mwingine akauliza, "Ninyi kwenu mnakunywa chai wangapi?" Watatu, alisema Ikupa. Yule akanunua vikombe, akazidisha kidogo, akasema ni kwa ajili ya wageni. Mwingine alitaka kujua kama Baba Eva anapenda kitu cha kukaanga. Anapenda samaki. Kikaango kikaondoka.

Ikupa alijibu yote kwa uaminifu, kichwa kikimzunguka. Huu uungwana gani wa kuchagua vyombo vyako kwa kuangalia mume wa mwenzako anapenda nini?

Na hakuna aliyevuta bei. Hili nalo tuelewane. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili na kwa kupenda kesi, na wanaotusema ni majirani zetu wa kule juu ya Moshi ambao leo siwajibu. Lakini ukweli usemwe: Mpare akilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, mpeleke hospitali. Siku ile walilipa bei ya kwanza, wote, mmoja baada ya mwingine, bila hata kuguna. Wawili ambao hela zao hazikutosha waliziunganisha wakachukua hotipoti. Bi Sharifa, mtoto wa biashara, jasho lilimtoka. Alimwangalia Ikupa kwa jicho la kuuliza wewe umewapa nini watu hawa kwenye chai.

Mwisho Mama Eliufoo akasimama. Akazunguka lile sufuria kubwa, akaligonga kwa kidole, likatoa sauti. Akalinunua. Kisha akasali sala ndefu, akaliombea paa la nyumba ile, moto wa nyumba ile, na waliomo, na wanaokuja, na wanawake wakaitikia amina kwa pamoja. Ikupa naye akaitikia, ingawa hakuelewa kwa nini mtu aombee moto kwa sababu ya kununua sufuria.

Mezani hapakubaki hata chujio. Ikupa alitoka kumsindikiza Bi Sharifa mpaka barabarani, maboksi matupu yakiruka juu ya mkokoteni. Bi Sharifa alikuwa amelewa furaha. Alikuwa keshapanga mwenyeji wa pili, wa tatu, mpaka Mwanga, mpaka Msangeni kule milimani. Nitangulie hapa kidogo: mwezi uliofuata aliitisha kwa Justa, vyombo vilevile, maneno yaleyale, na Mama Eliufoo akavuta bei ya chujio moja mpaka chai ikapoa, kisha hakulinunua. Bi Sharifa mpaka leo hajui siku ile ya kwanza ilikuwa na nini.

Turudi. Ikupa aliporudi nyumbani jua limeegemea, wageni walikuwa wameshaondoka kwa mlango wa uani. Alipita kwenda jikoni kukoka moto, amejaa furaha, anataka Lugano akirudi stendi amkute na neno mdomoni: wameingia, wamenunua, tunakaa. Akasukuma mlango wa jiko.

Vyombo vyote vilikuwa humo.

Masufuria yamepangwa kando ya mafiga, chupa ya bluu imesimama dirishani, vikaango vimetundikwa kwenye misumari yake mwenyewe, bakuli zimefunikwa kwa kitambaa. Sufuria kubwa lilikaa katikati ya mafiga kama limezaliwa hapo. Hakuna kilichochukuliwa. Ikupa alishika mwimo wa mlango. Furaha yote ikamtoka, ikabaki baridi.

Lugano alipofika alimkuta amekaa chini. Akamwuliza kama watu walikuja. Walikuja. Kama walinunua. Walinunua vyote. Sasa vyombo hivi ni vya nani? Ikupa akasema hajui, na kweli hakujua. Lugano alizunguka jiko, akainua mfuniko mmoja, akaurudisha. Alikuwa mtu mpole na alichokisema alikisema kwa upole, ndiyo maana kilichoma. Alisema watu wa hapa wana haya, hawawezi kumkatalia mtu mbele ya chakula chake. Wamekula, wakalipa ili wasimwaibishe, wakavirudisha kwa mlango wa nyuma kwa sababu hawataki kitu kinachotoka katika nyumba hii. Kesho watakuja kudai hela yao kimyakimya. Akaenda chumbani. Ikupa akamsikia akilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni na kulikaza kwa kamba ya katani, ile aliyotoka nayo shambani. Alilia. Alilia kwa kuonewa, na zaidi alilia kwa kutoelewa, maana mtu akikuchukia wazi angalau unajua pa kushika.

Asubuhi aliamua kurudisha aibu ilikotoka. Alianza na chupa ya bluu. Justa aliiangalia ile chupa, akamwangalia Ikupa, akaacha kukanyaga cherehani. Akasema hawezi kuipokea, akainamia kitambaa chake tena, na sindano ikawa inashona mahali ambapo palikuwa pameshashonwa. Ikupa akaona macho yake yamekuwa mekundu. Akaondoka na chupa yake haelewi: yeye ndiye aliyekataliwa, mbona anayelia ni Justa?

Basi akarudi akabeba kikubwa. Alijitwika lile sufuria kichwani, akapita nalo mtaa mzima, watu bombani wakigeuka kutazama, mpaka kwa Mama Eliufoo. Mama Eliufoo alikuwa uani anachambua maharage. Ikupa akalitua. Akamwamkia shikamoo, na marahaba iliyorudi ilikuwa nzito. Akasema amemletea chombo chake, amekisahau.

Mama Eliufoo alilitazama sufuria. Alipoinua uso, alikuwa na huzuni ya mtu aliyepigwa na mtoto wake.

"Mwanangu, unanirudishia? Umeona halikutoshi, au umeona sisi hatukutoshi?"

Ikupa akakaa chini kwenye udongo. Akasema ukweli, kwa mara ya kwanza tangu aje Same. Akasema hajui chochote. Hajui kwa nini hawaingii kwake, hajui kwa nini uji ulipita dirishani, hajui kwa nini wamenunua vyombo wakaviacha, na amechoka kutokujua.

Mama Eliufoo alisukuma ungo pembeni. Alimwambia taratibu, kama anavyoambiwa mtoto njia ya kwenda kisimani. Kwao Mhezi, na hata hapa mjini kwa wanawake wanaojiheshimu, mwanamke akihamia mahali, jiko lake haliingiliwi mpaka aite mwenyewe. Labda ana mgonjwa. Labda hana cha kupika. Labda wamegombana na mume na hataki macho ya watu. Ukijiingiza umemvua nguo. Kwa hiyo mnangoja. Siku akiwa tayari anaita, mnakula cha kwake mpaka kinaisha, mnauona moto wake, na kila aliyekula anaacha chombo, ili jiko lile liwe na mkono wa kila nyumba. Baada ya siku hiyo hakuna hodi. Unaingia tu.

"Tumekungoja tangu mvua za vuli," alisema. "Hukuita. Tukasema huyu anapita tu, hataki moto wake ujulikane. Juzi ukaita. Ukasema tusibebe kitu, vyombo umeshavichagua mwenyewe, sisi tutoe hela. Mimi nikasema wageni wana akili. Bibi arusi mmoja kwetu alipata mabakuli mpaka akayafugia kuku, na mwiko hana."

Ikupa akafunika uso kwa kanga. Alicheka kwanza au alilia kwanza, hata yeye hakumbuki. Kule kambini kikombe kilipita dirishani kwa sababu hapakuwa na mlango wa kuheshimu. Wote walikuwa wamepangwa na kampuni kama magunia. Hapa watu walikuwa wamesimama nje ya mlango wake miezi yote, wamemshikia heshima mikononi, wakisubiri aseme neno moja tu. Na yeye alikuwa ndani, anangoja wabishe hodi.

Akauliza jambo moja lililobaki. Sufuria hili kubwa vile, la kupikia watu wa msibani, la nini, wakati wao ni watatu?

Mama Eliufoo alirudi kwenye maharage yake. Akachagua punje mbovu mbili tatu, akazitupa kwa kuku. "Baba Eva alimuuliza mume wangu nauli ya Tukuyu," alisema. "Nikalitafuta ambalo haliingii kwenye basi."

Ikupa alijitwika sufuria akarudi nalo. Bombani wakamtania, wakamwuliza kama analifundisha njia. Akawajibu ndiyo, lilikuwa limepotea. Justa alikuwa amesimama mlangoni kwake anamtazama, na Ikupa alipopita hakusimama, alimpungia tu mkono amfuate, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa refu na angelisimulia wakikaa. Justa akamfuata. Walipofika nyumbani, Justa alipita kizingiti bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, na Ikupa akamsikia akipekua pekua kutafuta mahali majani ya chai yanapokaa.

Lugano alikuwa ameketi juu ya sanduku. Alimtazama yule mwanamke aliyepita ndani kama kwake, akamtazama mkewe, akalitazama sufuria lililorudi. Alilizunguka. Akalipima kwa mikono kushoto kulia, akaupima mlango, akalitazama tena.

"Sasa hili tutalifungaje?" aliuliza.

"Halifungwi, Baba Eva. Linataka kuni nyingi."

Lugano alikuwa bado hajaelewa, na hapakuwa na mtu wa kumweleza kwa haraka. Jikoni Justa alikuwa ameanza kuimba. Kisha Lugano akaifungua ile kamba ya katani kwenye sanduku, akaikunja begani, akatoka kwenda kutafuta kuni.